Jeki ya Bwana Wafula

Jamani, aibu ya leo haitoki usoni hata nikinawa.

Mnalijua banda langu la gari hapa Ruiru, lile lenye nguzo katikati. Kila jioni mlango wa gari unaikwaruza. (Gari lenyewe ni kuukuu, mikwaruzo ni pambo.) Nilikuwa nimezoea. Shida ni jirani yangu Wafula, makanika wa kiwanda kule Thika. Juzi aliondoa nguzo ya banda lake, boriti akaiimarisha kwa chuma. Tangu hapo mke wangu ana wimbo mmoja.

"Baba Njeri, umeona Wafula anavyoingiza gari? Kama anaingia kanisani!"

Wivu ukanikaba. Leo asubuhi nikaazima jeki. Ya nani? Ya Wafula! Nikaiweka juu ya gogo, nikainua boriti, nikang'oa nguzo, nikapigilia mbao ubavuni mwa boriti. Nikashusha jeki kidogo. Kraa! Boriti ikabonyea. Nikaipandisha jeki mbio, nikaifunika kwa gunia. (Nani huchungulia gunia?)

Saa kumi mke wangu akaita majirani kwa chai. Nikasimama mbele ya gunia, mikono kiunoni.

"Nguzo ni za waoga," nikasema, macho kwa Wafula.

Mke wangu akanitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu harusi. Raha!

Wafula akaweka kikombe chini. "Hongera, Bwana Mwangi. Sasa nipe jeki yangu, nina pancha."

"Kesho."

"Pancha ni ya leo, bwana."

"Haiya, si niliiona hapa?" Mke wangu akafunua gunia.

Wafula akatazama jeki, akapandisha macho taratibu hadi kwenye boriti.

"Mbao umeziunga katikati? Palepale palipokuwa na nguzo?"

(Zilikuwa fupi, jamani!)

"Rudisha nguzo tu," akasema kwa upole. Upole huo uliniuma kuliko kicheko.

"Nguzo gani?" mke wangu akauliza. "Ile niliyoipasua kuni? Ndiyo imechemsha chai mnayokunywa!"

Tukasimamisha gogo mahali pa nguzo. Likapelea, halikufika kwenye boriti. Bega langu likajaza pengo, Wafula akaenda na jeki yake. Nikabaki chini ya boriti, mke wangu akininywesha chai.

"Baba Njeri," akasema, akitazama nje, "umeona Wafula anavyofungua gurudumu?"

Sikuona. Shingo haikugeuka.

Nawaomba msicheke. Mimi mwenyewe sikuthubutu: mabati yangeshuka.