Meno ya Zimwi

Jumatatu, 4 Machi

Bosi ametangaza kikaoni: wiki hii anateua mkuu wa chumba cha sauti. Tuko wawili tu, mimi na Mama Viatu. Yeye hutengeneza sauti za nyayo za wahusika wote wa katuni zetu. Ana masanduku ya viatu utadhani anafungua duka. Mimi nafanya yaliyobaki: milango, mvua, mabawa, makofi ya usoni. Mtu aliyechorwa hana kiatu wala shavu. Asipogongewa kitu na mtu kama mimi, anapita kimya tu.

Mtihani: katika filamu mpya zimwi linakula kitanda, kabati na mlango. Kila mmoja alete sauti ya kutafuna. Bosi atasikiliza Alhamisi. Ijumaa ni onyesho la majaribio, na familia zinakaribishwa.

Nakitaka cheo hicho! Mama mkwe yuko kwetu tangu mwezi jana. Jirani alimuuliza mkwewe anafanya kazi gani, akajibu kuwa bado ninatafuta. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimetoka kazini. Imeniuma sana.

Jumanne, 5 Machi

Nimevunja makasha ya mbao. Yamesikika kama makasha ya mbao. Nimesokota kabichi. Kama mtu anayesokota kabichi. Nimetafuna tambi kavu mwenyewe, nimejichoma ufizi.

Mama Viatu amejifungia na vijiti vikavu na kitambaa kibichi. Nimetega sikio mlangoni. Sauti nzuri mno. Nimekosa raha.

Alipotoka kunywa chai nimeficha vijiti vyake kwenye kabati la mafagio. Mfagiaji amevikuta, amemrudishia, na amemwambia alimwona nani pale. Mama Viatu amekuwa akinitabasamia tu hadi jioni. Afadhali angenitukana.

Chakula cha jioni: kuku. Mama mkwe hatupi mifupa. Anaisaga. Kraa! Kraa! Kisha lile jino lake la pembeni, linalocheza, linamalizia: ta! Mke wangu ameniuliza mbona sili. Ningelaje? Zimwi lenyewe lilikuwa limeketi mbele yangu, limevaa miwani.

Jumatano, 6 Machi

Nimekuja nyumbani na kuku wawili. Mke wangu ameniuliza kama nina homa.

Maiki yangu, ile iliyovishwa manyoya ya kuzuia upepo, nimeificha ndani ya boksi la tishu, nikalisogeza karibu na sahani ya mama mkwe. Najua, mkwe ni mtu wa kuheshimiwa. Mimi hata kumtazama akila naona haya. Lakini maiki haina macho.

Nikamkaribisha shingo, paja, kidari. Alikataa kidogo kwa adabu, kisha akala vyote. Katikati akataka tishu, akashika manyoya ya maiki. Akauliza humu mmefuga mnyama gani. Nikasema ni tishu za aina mpya, laini zaidi. Akajifutia mdomo kwa maiki yangu! Hata hilo nimelirekodi.

Alhamisi, 7 Machi

Ushindi! Bosi alisikiliza amefumba macho. Alisema sasa zimwi limepata roho, na kwamba ile "ta" ya mwisho ni kipaji kitupu. Mama Viatu mwenyewe alinipa mkono, akaniuliza nimetumia nini. Nikamjibu ni siri ya fundi. Kesho baada ya onyesho nitatangazwa mbele ya watu.

Nimemwalika mama mkwe. Mke wangu alishangaa. Mama yake hajawahi kuingia sinema maishani mwake. Basi ndiyo vizuri. Lazima anione nikipigiwa makofi. Hatari iko wapi? Nani anayejua sauti ya meno yake mwenyewe?

Ijumaa, 8 Machi

Mama mkwe alikaa mstari wa mbele, kati yangu na bosi. Zimwi likang'ata kitanda. Kraa! Ukumbi ukacheka. Likang'ata kabati. Kraa! Kraa! Ta! Mke wangu akanigeukia polepole. Nikatazama viatu vyangu. Mama mkwe akajigusa shavu. Ukaja mlango. Ta! Akasimama gizani.

"Hilo jino langu!" alisema. "Siku zote nalisikia peke yangu humu kichwani. Nyinyi mmelipataje?"

Taa zikawashwa. Akazikumbuka zile tishu. Akataja hata manyoya. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Bosi hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Alicheka akishika mbavu. Halafu akasema cheo ni cha mtu anayetengeneza sauti, si cha anayemvizia mkwewe mezani. Amempa Mama Viatu. Kisha akamwinamia mama mkwe na kumwomba aje Jumatatu, maana zimwi bado lina milo mingi. Mama mkwe aliuliza kama kuku ni wa kampuni. Akaambiwa ni wa kampuni. Akakubali.



Jumatatu, 11 Machi

Tumekwenda kazini pamoja, mama mkwe mbele, mimi nyuma na mkoba wake. Mama Viatu amemvutia kiti kizuri kuliko vyote. Mimi nimepangiwa kushika sahani.

Jioni jirani amemuuliza tena mama mkwe kuwa mkwewe anafanya kazi gani. Amejibu kwa sauti, bila aibu yoyote, kwamba hatimaye nimepata: namsaidia yeye.

Nimemwomba radhi kwa magoti, mke wangu akiwa shahidi. Nimeapa sitamrekodi tena bila ruhusa. Nimeapa kwa moyo mmoja.

Jumapili, 17 Machi

Baba mkwe amekuja kuuliza mkewe anarudi lini. Ameambiwa mkewe ameajiriwa. Amekula, amelala kwenye kochi.

Anakoroma. Na si kukoroma kwa kawaida! Kunaanzia chini, kunapanda, kunakwama kabisa, kisha kunatoka kwa filimbi. Na filamu ijayo ina joka linalolala pangoni, na Mama Viatu hajui aanzie wapi.

Kiapo changu kilimhusu mama mkwe tu. Maiki nimeshaitia ndani ya mto wa kochi. Mzee naye hajawahi kuingia sinema maishani mwake. Siku ya onyesho nitamkalisha mstari wa mbele, kando ya mkewe. Hatari iko wapi? Nani anayejua sauti ya kukoroma kwake mwenyewe?