Feni Iliyogoma Wiki ya Orodha ya Pamba

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimekasirika. Kompyuta inawaka dakika kumi, inapata joto, inazima. Feni ya pawasaplai, kile kisanduku cha kuipa umeme, haizunguki. Imekaa tu, kama mgeni aliyeshiba. Na ndani ya kompyuta hiyo kuna orodha ya wakulima 412 wa chama cha msingi cha ushirika wa pamba, niliyoichapa kwa vidole viwili kwa wiki tatu. Katibu Ndalahwa anaitaka Ijumaa asubuhi, maana bila orodha mizani ya pamba haifunguliwi. Kaniambia waziwazi: nikichelewa, kazi zote za msimu zinavuka barabara kwenda kwa Specioza.

Specioza! Ana steshenari ndogo mkabala na kliniki yangu ya kompyuta, na tabia kubwa ya kujua mambo. Asubuhi kaja na mwangaluka yake, salamu ya Kisukuma, kachungulia nyuma ya kompyuta, kasema feni imebanwa na nyuzi za pamba, kwa kuwa chumba changu kimepakana na ghala la chama. Eti niisafishe kwa brashi. Nikamwambia kliniki ni yangu, aende zake.

Jumanne, 6 Mei

Nimeisukuma feni kwa njiti ya ufagio. Ikazunguka mara tatu, ikasimama. Nikasukuma tena. Nimeshinda hivyo hadi alasiri. Printa imetoa ukurasa mmoja, kisha giza. Njiti ikakatika, nusu imebaki ndani.

Lakini nimegundua ugonjwa. Ni ukavu. Marehemu baba alikuwa na mkokoteni kule kijijini Lalago. Ekseli ikilia, anapaka mafuta, ng'ombe wanaendelea na safari. Hakuwahi kumuuliza Specioza.

Jumatano, 7 Mei

Nimechomoa waya ukutani, nikafungua pawasaplai papo hapo. Ikanitupa hadi kwenye benchi la wateja. Haina waya, na inapiga! Specioza kasikia kishindo, kaja mbio kusema umeme hubaki humo ndani hata ukichomoa, na kisanduku kile hakifunguliwi ovyo. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akajibu kwamba nilimfukuza. Visingizio.

Alipoondoka, nikatoa njiti na kumimina vijiko viwili vya mafuta ya pamba, ya jikoni kwa mke wangu Martha. Feni ikazunguka vizuri ajabu. Nikaigeuza kompyuta mlangoni ili Specioza aone. Aliona. Mkono bado una ganzi. Orodha nitaitoa kesho, leo nilikuwa na shughuli ya kuonyesha feni.

Alhamisi, 8 Mei

Wapagazi wa chama wamekuja kukung'uta magunia ya msimu uliopita. Wapi? Mlangoni kwangu. Nyuzi zote zikaingia kwenye mafuta. Kufika saa nne feni ilikuwa na manyoya kama kifaranga. Ikagoma kabisa. Kisha moshi. Kisha harufu ya maandazi. Ndalahwa kaingia, kauliza kama nimebadilisha biashara, na kama chai ipo.

Martha naye kaja kutafuta mafuta yake. Nyumbani tumekula mchicha wa kuchemsha.

Ijumaa, 9 Mei

Nimebeba kompyuta, nimevuka barabara. Watu wameniona. Specioza hakucheka, na hilo limeniuma zaidi. Katoa diski, kaiunga kwenye mashine yake, na kabla ya saa tatu orodha ilikuwa mezani. Majina yote 412. Ndalahwa alipofika, nilijua nimekwisha. Yule mwanamke akamwambia kazi ni ya Danford, yaani mimi, yeye kaazimisha printa tu.

Kazi za msimu zimebaki kwangu. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima kumchukia, sasa sina pa kuipeleka hasira yangu. Nikasema wabeja, asante ya kwetu, kwa sauti ndogo. Akaniomba nirudie, eti hakusikia. Alisikia.

Jumamosi, 10 Mei

Specioza kanipa pawasaplai yake ya zamani na brashi ya kusafishia. Kaniapisha mbele ya Martha: brashi kila wiki, na mafuta ya pamba nisitie tena. Nimeapa kwa moyo wote.

Mchana feni imeanza kulia kidogo. Brashi sijui nimeiweka wapi. Nimekaa, nimetafakari kwa utulivu, na sasa naona kosa langu lilipokuwa. Mafuta ya pamba ni mepesi mno. Nimempigia mama kule Lalago, anatuma samli.