Chupa ya Kahawia ya Mbau

Idara ya Uwazi wa Dawa ilitangaza kwamba giza limekwisha. Mimi, Esdras, katibu wa idara hiyo hapa Butembo, niliisoma amri redioni kwa sauti nzito: dawa zote za kuosha vidonda zitoke katika chupa za kahawia, zimiminwe katika chupa nyeupe zinazoonyesha ndani, zipangwe dirishani, raia azione.

Mama Agar, mfamasia wetu, alifika na wasiwasi katika bureau ya mkuu wa idara, Directeur Stanislas. Alieleza kwamba mwangaza huivunja dawa ya manjano ya kuosha vidonda, ikageuka vitu vipya visivyoua vijidudu, na vingine vyaweza hata kuunguza ngozi.

“Directeur, hii dawa ikiona jua inakuwa kitu ingine.”

Directeur Stanislas alitafakari kwa kina, kama kawaida yake. “Donc chupa moja inatuzalia dawa mbili. Weye unalia nini?”

Akampongeza kwa ugunduzi, akamhamishia kituo cha afya cha Mbau.

Dawa zikageuka rangi ya chai. Hali hiyo tuliiita kukomaa. Huko Mbau, mkulima Kitsa, aliyejikata mguu kwa panga, aliosha kidonda kwa dawa iliyokomaa. Mguu ukavimba hata kiatu kikamkataa. Tuliandika kwamba mguu umeitikia vizuri.

Directeur akaenda nami Mbau kusherehekea mafanikio. Katikati ya hotuba, ubao wa jukwaa ulivunjika, msumari ukamchana muundi. Nilikimbia na chupa ya dirishani. Akanishika mkono.

“Hapana hiyo,” alinong'ona. “Mama Agar, haukuficha kidogo?”

Mama Agar alimwongoza hadi ndani ya kituo, ambako Kitsa alikuwa akingoja zamu yake. Kuficha dawa kulikuwa kosa, na aliyeuliza ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kuadhibu. Mwishowe akafungua kabati, akatoa chupa ya kahawia. Ilikuwa moja tu, tena nusu.

“Iko, mais ni ya baba Kitsa. Yeye ndiye anaanza.”

Directeur alikumbusha kwamba yeye ni idara nzima. Watu hawakubishana naye. Walimsogezea benchi tu, nyuma ya Kitsa. Akakaa, suruali imekunjwa, damu ikishuka katika soksi, akimtazama mkulima akioshwa taratibu. Kila mara Mama Agar alipoinamisha chupa, Directeur alimeza mate.

Kitsa alipofungwa bandeji, aliinua chupa, akaitikisa kidogo, akageuka kumwangalia mgeni wetu.

“Mama, umupatie yenye inabaki,” alisema. “Na yeye ni mutu.”