Sumaya Kapewa Ruhusa Zote

Jumatatu, 3 Machi 2025
Aibu! Mkurugenzi, Bwana Révérien, ametangaza msimamizi wa programu mpya ya ghala. Si mimi. Ni Sumaya! Miaka kumi na mmoja nahesabu katoni za sabuni hapa kwenye ghala la Quartier Industriel; yeye ana miezi minane. Sasa ndiye anayeamua nani aone nini kwenye kompyuta. Wameanza kumwita "mama shefu", yaani bosi. Mimi ni Léonce tu. Hata kwa mlinzi.

Nimempongeza. Taya zinaniuma.

Jumanne, 4 Machi
Sumaya katuelezea. Mtumiaji mpya akiandikishwa, programu yenyewe humpa ruhusa za kuanzia: aone mali iliyopo ghalani, basi. Zaidi ya hapo, msimamizi humwongezea. Wote walitikisa vichwa kwa kukubali kana kwamba kavumbua umeme. Mimi pia nilielewa! Hakuna aliyeniuliza.

Nimefungua folda yangu humo humo kwenye programu, nikamwandikia mkurugenzi barua ya kumi na nne kuhusu kasoro za Sumaya. Sijatuma hata moja. Kasoro yenyewe bado sijaipata.

Jumatano, 5 Machi
Kasoro nitaitengeneza mwenyewe! Saa sita mchana Sumaya katoka kwenda sokoni kununua ndagala, vile visamaki vya ziwani, kaacha kompyuta wazi. Nikaketi. Ruhusa za kuanzia: nikaweka "kuona yote". Kesho anaandikisha watu watano wa ghala letu la Buterere. Wataona mpaka mishahara! Lawama zote kwake. Nimekula sahani mbili za maharage.

Alhamisi, 6 Machi
Maafa. Watu wa Buterere hawakugusa mishahara. Wamekuta folda yangu, "Barua za Léonce". Chanelle, karani wao, kapiga simu akicheka. Mkurugenzi kaiweka simu kwenye spika. Chanelle kasoma barua ya tisa, nilipomwita mkurugenzi kipofu. Kasoma ya sita, nilipokiri kwamba kazi ya Sumaya ni safi kuliko yangu. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Mkurugenzi kauliza nani kafungua ruhusa. Sumaya katazama saa ya badiliko hilo iliyoandikwa kwenye programu, kisha kanitazama mimi. "Papa Léonce, saa sita mi nilikuwa ku soko. We ulibaki hapa." Kamgeukia mkurugenzi: "Lakini kosa ni yangu, shefu. Ni mi niliacha mashine wazi."

Mkurugenzi kamsifu kwa uaminifu, mbele ya watu wote! Kosa nimelifanya mimi, kwa mikono yangu miwili, na sifa kachukua yeye!

Ijumaa, 7 Machi
Nimepunguziwa ruhusa. Naona idadi ya katoni, basi, kama mgeni wa jana. Kuchapa hata karatasi moja lazima nimwombe Sumaya. Mchana kaniletea chai, kasema nisijali, Jumatatu atanifundisha programu yote taratibu, tukikaa bega kwa bega. Ana moyo mzuri. Inakera.

Nimekubali haraka. Nikikaa upande wa kushoto, nitaona vidole vyake akiandika neno la siri.