Bangili ya Kundi la Kwanza

Tangazo lilibandikwa asubuhi mlangoni mwa ofisi ya biashara, na kabla gundi haijakauka Chiriku alikuwa ameshalisoma mara tatu. Wauza vito wote, lilisema, mali zao zitaandikwa upya kwa ajili ya takwimu, kila kitu kwa madini yake: dhahabu na fedha kundi la kwanza, shaba na vioo, hata vikipakwa dhahabu, kundi la bandia. Wauza vito waliopita pale waliona usumbufu. Chiriku, asiye na duka wala kito, aliona riziki.

Alivaa tai, akatafuta daftari, akachonga muhuri kwenye soli ya ndala kuukuu. Saa nne alikuwa ameshaketi dukani kwa Mama Vidani, mjane aliyesifika kwa kuuza vitu vinavyong'aa kuliko vinavyodumu.

"Shikamoo, mama. Nimetoka takwimu."

"Marahaba, mwanangu. Takwimu ndiyo nini, inaliwa?"

"Inalisha! Ukiandikwa kundi la kwanza, wanunuzi wa nje watapanga foleni hapa. Ukiandikwa bandia..." Chiriku akatikisa kichwa kama mtu anayetoa pole msibani.

Mama Vidani akasogeza kiti. "Na hivi vya dirishani, ambavyo ni vya... vya kati na kati?"

"Kalamu ninayo mimi, mama. Ila ofisi inataka sampuli moja ikapimwe. Ile nzito kuliko zote. Kesho unarudishiwa."

Mama aliingia chumba cha nyuma, akakawia, akatoka na bangili nene kama kidole gumba. Chiriku mate yakamjaa.

"Ila mwanangu, uzee huu, nasahau. Niandikie karatasi."

Chiriku akaandika kwa madaha: bangili moja, dhahabu safi, kundi la kwanza. Akatia sahihi, akagonga muhuri wa ndala, akaondoka kwa mwendo wa kiofisa. Alipokata kona, mwendo ukawa wa mwizi.

Sonara wa mtaa wa pili, alikokwenda kuiuza, aliisugua bangili kwenye jiwe lake la kupimia dhahabu, kisha akaangua kicheko. "Shaba hii! Naijua, niliipaka dhahabu mwenyewe. Ni ya dada yangu."

"Na dada yako huyu hapa," Mama Vidani akasema mlangoni, akihema, karatasi mkononi. "Bwana ofisa, naomba dhahabu yangu."

"Si hii hapa, mama!"

"Hiyo shaba, fundi keshasema. Wewe umechukua dhahabu safi, umeandika kwa mkono wako. Au twende ofisini kwenu wakatuamulie?"

Chiriku akamtazama sonara. Sonara alikuwa ameshasimama mlangoni, mikono kifuani, na mlango ulikuwa mmoja tu.

Mama akamkagua kuanzia tai hadi viatu, macho yakatua kidoleni. Pete ya ndoa ilitoka kwa shida, kwa sabuni. Sonara akaisugua kwenye jiwe.

"Hii," akasema, "kundi la kwanza kweli."

Jioni mkewe alimpa sahani, akautazama mkono ulioipokea, akauliza swali moja. Chiriku akafungua kinywa.

Mkewe akavuta kigoda, akaketi. "Haya," akasema, "nakusikiliza."