Dumu Halina pa Kuingia

Redio ya Da Fausta haikuwa imemaliza kusema kwamba siku zijazo magari ya umeme yatajaa nchini, Mzee Dizeli akaizima. Mwenye redio na mwenye kahawa yuko palepale, birika mkononi. Ndivyo alivyo huyu mzee. Aliendesha lori Tunduma hadi Lubumbashi mpaka akazeeka, basi anadhani kila kinachotoa sauti ni mali yake.

"Gari lisilonguruma," akasema, "ni kitanda chenye matairi."

Mimi nabadilisha kwacha hapo mpakani, na benchi la Da Fausta ndiyo ofisi yangu, kwa hiyo upuuzi wote wa mji huu hunipitia kabla haujafika kwingine. Na mwezi huo upuuzi ulikuwa mmoja: gari la umeme la Mbonile, ambaye siku hizi tunamwita Betri.

Betri anafanya kazi Vwawa. Asubuhi anakwenda, jioni anarudi. Zamani alikuwa na Korola. Sasa mtaani kwetu, ukitaka gari la jirani huendi na maneno matupu. Unakwenda na dumu la petroli, unalitua barazani, unasalimia, unauliza hali ya watoto, ndipo unataja shida. Dumu likishatua, mwenye gari hana ujanja. Korola ile ilipeleka wazazi leba, ikaoza mabinti, ikazika wazee, mpaka ikafia njiani ikimrudisha mgonjwa wa watu. Betri akaapa kwamba gari la pili litakuwa lake na mkewe, basi. Siku la umeme lilipofika alilizunguka mbele yetu akituonyesha ubavu mmoja baada ya mwingine: hakuna tundu la mafuta. Leteni madumu yenu sasa, akatuambia, na meno yote nje.

Aliyeumia ni Andongwisye, tunayemwita Mchumba maana uchumba wake umezeeka kuliko ndoa za wenzake. Jumamosi alikuwa anamwoa Ketrina wa Igamba, na wajomba wa binti walishatamka: mtoto wao hatoki kanisani kwa bodaboda wala kwa gari la abiria. Hakuna gari dogo, hakuna harusi. Mchumba alikwenda kwa Betri, akaambiwa chaji imeisha. Akachungulia kiooni, akaona asilimia themanini inawaka waziwazi. Akarudi tena, safari hii akaulizwa kwa upole, "Dumu lako nikumiminie wapi, mdogo wangu?"

Basi Ijumaa hiyo jioni, redio imezimwa na Da Fausta amenuna, Betri akateleza mpaka kijiweni bila sauti, akashuka na kuagiza kahawa. Akaanza. Kwenye foleni ya malori pale Mpemba wenzake wanachoma mafuta na roho, yeye ametulia anasikiliza kwaya. Mzee Dizeli akamuuliza habari za LUKU, maana petroli hununui lakini umeme si mvua.

"Yuniti hazishuki, mzee," Betri akasema. "Zinapanda."

Akatufafanulia kitaalamu. Gari likiwa kwenye mteremko linajichaji lenyewe. Hilo ni kweli, hata mimi nimelisikia. Lakini jamaa hakuishia hapo. Akadai akifika nyumbani na kulichomeka, umeme wa mteremko uliozidi unarudi ukutani na kuingia kwenye mita. Wiki mbili hajanunua LUKU hata ya buku, na mkewe anapiga pasi, friji linagandisha, jana kapika keki.

Da Fausta akakohoa, akageukia jiko. Mzee Dizeli akasema sayansi ni kitu kikubwa, mukwai, yaani bwana mkubwa. Ningekuwa Betri ningeshtukia hapohapo, kwa sababu Dizeli hajawahi kukubali jambo la mtu tangu namfahamu.

Mchumba, aliyekaa mwisho wa benchi, akatoa simu na kuiweka benchini mbele ya Betri. Ujumbe wa LUKU aliyonunua yeye. Namba ya mita ilikuwa ya Betri. Betri akasogeza kwa kidole, akakuta mwingine, na mwingine.

"Shikamoo, kaka," Mchumba akasema. "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo," Betri akajibu, macho kwenye simu.

"Nina shida ya gari kesho, Igamba. Mafuta nimeshaweka."

Betri akampigia Erica, mkewe, tena akaweka spika, kosa ambalo mwanaume hulifanya mara moja tu.

"Tokeni nimeziingiza mimi, Baba Lucky," Erica akasema. "Ulininyima hata umeme wa pasi kwa ajili ya gari lako, nikampa Fausta namba ya mita tukiwa kwaya. Na maua ya kulipamba gari nimeshayapata."

Dumu lilikuwa limeshatua, na yeye alikuwa ameliendesha wiki mbili Vwawa na kurudi.

"Saa ngapi?" akauliza.

Mchumba alifurahi mpaka akatulipia kahawa sote, jambo ambalo halijawahi kutokea. Da Fausta akaona mlango uko wazi, akasema yuniti zake alizoweka ni za Jumatatu, anampeleka mama yake kliniki. Mimi nikasema zangu hazina haraka. Betri akamgeukia Mzee Dizeli kama mtu anayetafuta shahidi.

"Wewe najua hukuweka. Si ulisema hiki ni kitanda?"

"Nimeweka," mzee akasema. "Ila zangu zitunze. Ni za siku ya kunizika, na siku hiyo sitaki kelele."

Betri akamtazama, akaingia garini, akaondoka. Hatukusikia kitu ila redio, ambayo Da Fausta alikuwa ameiwasha tena.