Vidonge Vyangu Vyapelekwa Maabara

Jumatatu, 3 Machi
Fundi seremala karudi kwenye duka langu la dawa. Mara ya tatu! Kisonono hakijamtoka. Ati bado akikojoa ni kama anapitisha misumari. Nimempimia tena vidonge vyangu vya rangi mbili. Vinne, vinamtosha. Kagoma! Anakwenda kupimwa zahanati. Kwa shemeji yangu! Mdogo wa mke wangu, bingwa wa maabara, ambaye tangu siku ya harusi hunitazama kama kitu alichokikuta chini ya darubini.

Jumatano, 5 Machi
Fundi kanipa habari. Usaha wake umepandwa kwenye kisahani, vijidudu vinaoteshwa kama miche. Kisha vitawekewa vikaratasi vya duara, kila kimoja na dawa yake, ionekane ipi inaua. Mojawapo ni dawa yangu. Safi! Nimeapa mbele ya wateja kwamba Ijumaa nitakwenda mwenyewe kushuhudia mauaji. Mke wangu kanisihi nisiende kujiaibisha. Nimepiga shati pasi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda. Fundi karidhia niingie naye. Kisahani mezani. Kuzunguka kikaratasi cha dawa ya sindano, peupe, vijidudu chali! Kuzunguka changu, vimeota hadi ukingoni, vimejazana kama wageni kwenye meza ya vinywaji. Shemeji kapima kwa rula. Sifuri. Nimeomba rula nyingine. Sifuri.

Kaeleza kwamba vijidudu hivi vimekuwa sugu kwa sababu ya nusu dozi, vinne leo, viwili kesho. Kila nusu dozi ni somo kwao. Nikasema basi niitwe mwalimu. Hakucheka mtu. Kanikazia macho, akasema, "Shemeji, sikio la kufa halisikii dawa."

Nikamjibu vijidudu havina masikio.

Akamgeukia fundi, sauti chini. Amlete mkewe leo hii naye achomwe sindano. Mimba ni ya miezi saba, na mtoto akizaliwa katikati ya ugonjwa huu anaweza kupofuka. Fundi katoka mbio kumfuata mkewe, hata kunitazama hakunitazama.    

Nimelala bila kula. Joto tu.

Jumatatu, 17 Machi
Fundi kapona. Mkewe pia. Wamepimwa upya, hawana kitu. Kanisalimia akiwa ng'ambo ya barabara, mkono nusu. Mtaa mzima unanong'ona, na mke wangu anataka vidonge vya rangi mbili vitoke kwenye rafu. Nisalimu amri kwa vijidudu? Thubutu!

Nimemwita mchoraji. Ubao mpya juu ya mlango, herufi nyekundu: VIDONGE VYA RANGI MBILI. VIMEPIMWA MAABARA! Uongo uko wapi hapo? Kufikia adhuhuri, foleni.

Mke wangu kauliza mbona majibu ya kipimo hayakuandikwa. Nimemjibu ubao umejaa.